Uti au ugwe: homa imekaa wapi?

SWALI: Mwanangu aliumwa kichwa kwa siku mbili, shingo ikakakamaa, hospitali wakatuambia ni homa ya uti wa mgongo. Bibi yake kusikia hivyo akawa anamkanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Mtoto amepona, alhamdulillahi, ila swali limenibakia. Kama maumivu yalikuwa kichwani na shingoni, mgongo umeingiaje? Na uti wa mgongo ni mfupa, au ni kile kinachopita ndani ya mfupa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa kuuguza. Bibi hakukosea kusikia. Jina ndilo lililompeleka mgongoni.

Tuanze na uti. Neno hili ni ndugu wa mti na kijiti: kitu kirefu, kilichonyooka, kinachobeba vingine. Kwa hiyo uti wa mgongo ni mifupa, zile pingili 33 anazozaliwa nazo binadamu, ambazo za chini huungana akikua zikabaki 26. Tuliposema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa tulikuwa na maana hiyohiyo, ya kitu kinachomsimamisha mtu. Jaribu kuuondoa uti wa mifupa ukaweka kitu laini cha ndani, uone kama taifa litasimama.

Sasa hicho cha ndani. Nenda buchani asubuhi wanapopasua mgongo wa mbuzi. Shoka likigawa pingili katikati utaona kitu cheupe, laini, mfano wa kamba ya kiatu, kimelala kwenye mfereji wa mfupa. Nilimuuliza muuza nyama kinaitwaje, akanijibu bila kuinua macho: "Uboho huo, mzee, utie kwenye supu." Sikubishana na mwenye shoka. Lakini uboho, ambao wengine huuita uloto, ni ule wa kugonga mfupa ukaunyonya, na kazi yake mwilini ni kutengeneza damu. Hiki cha mgongoni ni mkia wa ubongo, kinapeleka na kurudisha habari, na damu si kazi yake. Hata hivyo muuza nyama wangu ana wenzake: Wafaransa nao huviita vyote viwili moelle.

Neno ninalolitetea ni ugwe wa mgongo. Ugwe ni kamba nyembamba, na kitu chenyewe ni kamba kweli, ya kama sentimita 45 kwa mtu mzima. Tena ugwe na uti haviishii mahali pamoja. Ugwe hukomea karibu na usawa wa kiuno, uti ukaendelea peke yake kushuka. Ukivitenganisha kwa jina utaelewa pia kwa nini mtu anaweza kuvunjika uti akaja kutembea tena, na mwingine ugwe ukakatika asiinuke. Magazeti huandika "aliumia uti wa mgongo" kwa wote wawili, nasi wasomaji tunabaki kubahatisha.

Na homa? Hiyo haiko kwenye uti wala, kwa kawaida, haianzii kwenye ugwe. Ubongo na ugwe vimevikwa tando tatu, moja juu ya nyingine, na baina ya zile mbili za ndani kuna maji maangavu yanayoukinga ubongo usijigonge kwenye fuvu. Si mengi, mililita 150 hivi, hayajazi kikombe cha chai. Tando hizo zikishambuliwa na vijidudu zikavimba, ndiyo meninjitisi. Waganga wa Kiarabu wa kale waliuita utando huo umm, yaani mama, na mfasiri wa karne ya 12, Stephen wa Antioch, akautia katika Kilatini kama mater, jina linalotumiwa na madaktari mpaka leo. Sisi tulio jirani na Kiarabu kuliko Kilatini tumebaki na "utando" tu, mama hakutufikia.

Mgongo uliingia, nadhani, kwa njia mbili. Madaktari wa zamani walikuwa na jina lililotaja ubongo na mgongo pamoja, na sisi tukashika nusu ya pili. Halafu kuna sindano. Ili kuyapima yale maji, daktari huyachota chini ya mgongo, mahali ugwe umekwisha na maji bado yapo. Mzazi anayeona mwanawe amekunjwa kama kambare na sindano inaingia kati ya pingili, umwambie ugonjwa uko kichwani, atakuamini?

Sipendekezi tulifute jina. Homa ya uti wa mgongo limeshakaa kwenye mabango ya zahanati na vinywani mwa watu, na ukibadilisha utamchelewesha mgonjwa. Ila ukiwa unaandika, na una nafasi ya maneno matano zaidi, ongeza "uvimbe wa tando za ubongo". Na bibi umwambie kwamba mafuta ya nazi hayakumdhuru mtoto, ila ya kumtibu yalikuwa ni dawa za hospitali.