Scheffler: Kutoka Mahabusu Hadi Uwanjani

SWALI: Mhariri, ni kweli mcheza gofu wa Marekani, Scottie Scheffler, alikamatwa na polisi, kisha akacheza gofu siku hiyo hiyo?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Alfajiri ya Mei 17, 2024, mjini Louisville, Marekani, alikamatwa nje ya klabu ya gofu ya Valhalla, alikokuwa akishiriki mashindano ya PGA Championship, kwenye foleni iliyotokana na ajali ya basi lililomuua mfanyakazi mmoja, akashtakiwa kumshambulia askari, ambaye hata suruali yake ya dola 80 iliyoharibika ilitajwa katika ripoti. Saa 4:08 asubuhi alianza mchezo, akamaliza kwa mikwaju 66 (katika gofu, mikwaju michache ndiyo ushindi), huku baadhi ya mashabiki wakivaa fulana, zilizochapishwa upesi ajabu, za kutaka aachiliwe. Shangwe hizo, kwa maoni yetu, zilimfunika marehemu, ingawa Scheffler mwenyewe aliipa pole familia. Mashtaka yalifutwa Mei 29.