Maswali ya Wasomaji: Tagi ya Mvuke Hercules

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia tagi Hercules (meli ndogo ya kuvuta meli nyingine) iliyohifadhiwa San Francisco, Marekani, bado ina injini ya mvuke. Ilifanya kazi gani enzi zake? Na ni kweli kwamba boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) la tagi za namna hiyo huwashwa siku moja kabla ya kazi?

JIBU: Ndugu msomaji, Hercules iliundwa mwaka 1907 huko Camden, New Jersey, pamoja na pacha wake Goliah. Mfereji wa Panama ulikuja kufunguliwa 1914, kwa hiyo ilibidi ipitie Mlangobahari wa Magellan, kusini kabisa mwa Amerika, tena huku ikimvuta Goliah hadi San Francisco. Si mwanzo mwepesi kwa tagi yoyote.

Kwenye pwani ya magharibi ya Marekani pepo nyingi hutoka kaskazini-magharibi, na merikebu za matanga ziliteseka zikielekea kaskazini. Tagi zilizivuta, na wakati wa kurudi zikakokota mafungu makubwa ya magogo hadi viwanda vya mbao vya kusini mwa California. Baadaye Hercules ilinunuliwa na kampuni ya reli ya Western Pacific, ikawa inavusha matishari yenye mabehewa ya treni ndani ya ghuba. Ilistaafu 1962, tagi za dizeli zilipotawala. Ikakaa bure hadi 1975 iliponunuliwa ili ihifadhiwe. 1977 ikaingia mikononi mwa idara ya hifadhi za taifa.

Kuhusu boila: ndiyo, na si uvivu wa mafundi. Katika boila kubwa la silinda, matanuri yako juu kidogo ya sakafu yake. Moto huchemsha maji ya juu, ya chini yanabaki baridi, kwa sababu maji ya moto hayazami. Ukiharakisha, chuma cha juu kinatanuka na cha chini hakitanuki. Ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabamba) zinalegea na ncha za mabomba ya ndani ya boila zinaanza kuvuja. Boila lililopoa kabisa hupewa moto mdogo kwa takriban saa 24. Kama kuna pampu ya kuzungusha maji, huyavuta ya chini na kuyarudisha juu.

Hatari ya pili iko kwenye injini yenyewe. Hercules ina silinda tatu: mvuke huanza kwenye ndogo, huhamia ya kati, kisha kubwa, ukisukuma pistoni mara tatu kabla ya kwenda kupozwa uwe maji tena. Silinda zikiwa baridi, mvuke hugeuka maji humo humo, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyagonga, kifuniko cha silinda hupasuka au fimbo hupinda. Ndiyo maana fundi hufungua kwanza vibomba vya kutolea maji chini ya kila silinda, akaingiza mvuke kidogo kidogo, akaisogeza injini mbele na nyuma polepole. Vibomba havifungwi mpaka vitoe mvuke mkavu, yaani usio na maji. Anayefunga mapema eti kelele imezidi, huyo asipewe injini.