Flashi yako ni nzima, usiitupe

Kaka, umeuliza kwa nini flashi iliyoandikwa USB 3.0, gigabiti 5 kwa sekunde, imekula karibu nusu saa kupokea video za harusi za gigabaiti 16.

Ile 5 ni gigabiti, si gigabaiti; baiti moja ni biti 8. Tena njiani USB 3.0 hutumia biti 10 kusafirisha kila baiti, kwa hiyo kilele chake ni megabaiti 500 kwa sekunde. Na hiyo ni barabara tu! Anayeamua ni chipu iliyo ndani ya flashi, na kwake kuandika ni kazi nzito kuliko kusoma. Flashi nyingi za bei rahisi huandika megabaiti 10 hivi kwa sekunde. Piga hesabu: gigabaiti 16 ni megabaiti 16,000; gawa kwa 10 ni sekunde 1,600, yaani dakika 27. Ndiyo nusu saa yako hiyo.

Mafaili madogo madogo kwa maelfu hukwamisha zaidi. Yafunge kwanza kwenye faili moja la zipu, yaani faili linalobeba mengine ndani yake.

Kagua pia tundu ulilochomeka. Ukichungulia ndani ya tundu la USB 3.0 utaona pini 9, la USB 2.0, toleo la zamani, lina 4 tu. Hilo la 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa vitendo hupati zaidi ya megabaiti 40 hivi kwa sekunde hata flashi iwe ya bei gani.

Kama video ndiyo kazi yako, jichange ununue SSD ya nje, yaani diski ya chipu ya kuchomeka kama flashi lakini yenye kasi zaidi. Dukani uliza kasi ya kuandika, maana kwenye boksi huandika ya kusoma kwa herufi kubwa.