Kabla hujaandika kwamba mitokondria zimekatikakatika

Shuleni tulichora mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, kama harage lililopasuliwa: kuta mbili, mikunjo ndani, na mshale wa kuandikia jina. Ukiingia maabara na mchoro ule kichwani utashangaa siku ya kwanza utakapotazama seli hai. Utaona nyuzi, nyingine ndefu kupita kiini cha seli, zinapinda na kusogea. Mbili zinagusana ncha na kuwa moja, nyingine inabanwa kiunoni mpaka inaachana. Carl Benda alipozipa jina mwaka 1898 aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, uzi na punje. Jina hilo lina ukweli kuliko mchoro wetu, maana mitokondria ileile inaweza kuwa uzi asubuhi na punje mchana.

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilinigharimu wiki tatu. Nilikuwa na sahani mbili za seli za ngozi, moja ya mtu mwenye afya na nyingine ya mgonjwa. Nikapiga picha za mwenye afya kwanza, taratibu, huku ya mgonjwa ikisubiri mezani nje ya inkubeta, kabati linalotunza seli katika joto la mwili. Nilipoifikia, mitokondria zote zilikuwa punje. Nilifurahi sana, nikaandika kwenye daftari kwamba ugonjwa huu unakata mitokondria, nikampelekea msimamizi wangu. Aliniuliza swali moja: zilikaa nje dakika ngapi? Niliporudia kwa kubadilisha zamu, safari hii za mwenye afya ndizo zilizokuwa punje. Baridi, mwanga mkali wa hadubini na rangi iliyozidi vinaweza kuzikata mitokondria za seli isiyo na ugonjwa wowote. Sasa sahani zote hukaa kwenye joto la nyuzi 37 hadi mwisho, mwenzangu huzibandika namba nisizozijua, na mwanga nauweka wa chini kabisa ambao kamera bado inaona.

Kosa la pili ni gumu zaidi kwa sababu liko kwenye kufikiri. Ukiona punje, ulimi unakimbilia kusema zimegawanyika sana. Subiri kwanza. Maji yakipungua kwenye tangi, huenda limetoboka, na huenda bomba linaloingiza maji limefungwa. Vivyo hivyo, punje zinaweza kutokana na kukatwa kupita kiasi, au na kuungana kulikokwama. Kugawanyika na kuungana huendelea pamoja muda wote, na picha moja inakuonyesha kilichobaki tu, haikuambii kilichobadilika.

Kwa hiyo wajue wahusika wa kila upande. Kwa kuunganisha, protini mbili ziitwazo mitofusini, MFN1 na MFN2, hushikanisha utando wa nje, kisha protini ya OPA1 huunganisha wa ndani. Kwa kukata, retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, huizunguka mitokondria na kuibana kwanza, halafu protini ya DRP1, ambayo kwa kawaida huzagaa katika seli, hujipanga kama pete mahali hapo na kukaza. Sasa mwagia seli zako CCCP, dawa inayoondoa chaji ya utando wa ndani. Kimeng'enya kiitwacho OMA1 kinaikata OPA1, na muungano unakwama. Punje zitajaa hata kama kasi ya ukataji haijaongezeka. Kutofautisha hali hizi mbili, tumia protini inayowashwa kwa mwanga: washa sehemu ndogo ya mtandao, kisha tazama kama mng'ao unasambaa kwa jirani. Usiposambaa, anza kushuku kwamba bomba limefungwa.

Wagonjwa ndio wanaotufanya tuhangaike hivi. Mwaka 2000 jeni ya OPA1 ilihusishwa na ugonjwa wa kurithi unaoua neva ya jicho, mara nyingi kuanzia utotoni, uoni ukififia polepole. Mwaka 2004 ikaja MFN2 na ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth aina ya 2A, ugonjwa wa neva wa kurithi unaoanzia kwenye nyayo na miguu. Protini hizi ziko katika seli za mwili mzima, lakini wanaoumia kwanza ni neva. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kutafakari kuliko yote. Neva inayotoka mgongoni hadi kidole cha mguu ina urefu wa karibu mita moja, na mitokondria lazima zisafiri njia yote hiyo, zikibadilishana protini na DNA ili yenye upungufu ifidiwe na nzima.

Usidhani basi kwamba kuungana ni afya na kukatwa ni ugonjwa. Mwaka 2007 iliripotiwa habari ya mtoto mchanga mwenye kasoro ya DRP1, ambaye mitokondria zake hazikuweza kugawanyika vizuri. Hakufikisha miezi miwili. Seli inahitaji kukata ili iondoe sehemu iliyoharibika: protini ya PINK1 hujikusanya juu ya kipande kibovu na kuita nyingine, Parkin, kisha kipande kinamezwa na kusagwa. Jeni ya mojawapo ya protini hizo ikiharibika, mtu anaweza kupata ugonjwa wa Parkinson akiwa bado kijana. Mwaka 2021 maabara ya Suliana Manley, Uswisi, ilionyesha kwamba hata mahali pa kukata pana maana. Mkato wa katikati huambatana na kuzaliana kwa mitokondria, wa karibu na ncha hutenga kipande cha kutupwa. Ukihesabu mikato bila kuandika ilikuwa wapi, umepoteza nusu ya habari.

Na dawa za kuzuia, zichunguze kabla hujaziamini. Mdivi-1 ilitangazwa mwaka 2008 kuwa kizuizi cha DRP1, na watu wengi wakajenga hoja zao juu yake. Mwaka 2017 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba inazuia kompleksi ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji wa seli, yaani mashine ya mitokondria ya kutengeneza nishati. Ukiitumia, weka pembeni seli zisizo na DRP1 kabisa, kisha uzipe dawa hiyohiyo. Zikibadilika, dawa inafanya kazi nyingine.

Wiki yako ya kwanza usitafute ugonjwa. Chukua seli zenye afya, punguza mwanga, rekodi video ya dakika kumi, kisha kaa na daftari uhesabu kwa mkono: miungano mingapi, mikato mingapi, kila mmoja umetokea wapi. Rudia kesho kwenye sahani nyingine. Hesabu za siku mbili zikitofautiana sana, niite tuangalie joto la meza.