Titi halijui mimba ilitungwa wapi

Wanawake waliopandikiza mimba, yaani yai likarutubishwa maabara kisha likawekwa tumboni, huniuliza sana swali moja: nitakuwa na maziwa kweli? Wengine hulizungusha. "Zile sindano zote nilizochomwa, hazijaharibu kitu?" Nina watoto wawili. Wa kwanza tulimpata kwa kupandikiza baada ya miaka ya kutafuta, wa pili alikuja mwenyewe tukiwa tumeshaacha kuhesabu siku. Wote nilijifungua kwa upasuaji, kwa wote maziwa yalichelewa, na wote walinyonya mpaka wakachoka wenyewe.

Tuanze na sindano. Homoni za kukuza mayai huchomwa kabla ya mimba, na projesteroni ya kuishikilia mimba kwa kawaida husimamishwa mimba ikiwa bado changa. Mpaka unajifungua, zimeshatoka mwilini zamani. Kinachofungulia maziwa ni kutoka kwa kondo la nyuma. Kondo ndilo lililokuwa likitengeneza projesteroni nyingi na kuyazuia maziwa yasitoke kwa wingi. Likishatoka, projesteroni hushuka ghafla na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, inapata nafasi ya kufanya kazi yake. Mwili hufanya hivyo hata kama yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Nasema hili kwa sababu namjua mama aliyepata mtoto kwa yai la kuchangiwa, na alikaa mimba nzima na hofu aliyoona aibu kuitamka, kwamba maziwa yake hayatakuwa "ya mtoto huyu". Mwenye maziwa ni aliyebeba mimba. Basi.

Ila ni kweli kwamba waliopandikiza hukutana na shida za kunyonyesha, na ni vizuri kujua zinatoka wapi. Mimba hizi huishia kwenye upasuaji mara nyingi zaidi. Pacha ni wengi, hasa viinitete viwili (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) vinaporudishwa pamoja, na pacha wana haraka ya kuja kabla ya wakati. Mama naye mara nyingi umri umesogea kidogo. Hata Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, alitolewa kwa upasuaji. Sasa mchukue mwanamke ambaye mimba yake iliingia bila daktari yeyote, umpe pacha wa wiki 34 na mshono tumboni. Atahangaika na maziwa vilevile.

Jambo ambalo kliniki nyingi hazilitaji ni ile sababu iliyokupeleka kwao. Kama mirija ilikuwa imeziba, au tatizo lilikuwa upande wa mume, matiti yako hayahusiki kabisa. Lakini kama ni homoni zilizovurugika na ovari kujaa vifuko vidogovidogo, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, au kisukari, hayo yanaweza kukufuata mpaka kwenye kunyonyesha. Sikutishi. Wengi wenye hali hizo hunyonyesha vizuri tu. Nachosema ni kwamba mkunga wako ayajue kabla hujajifungua, na umwambie pia kama matiti hayakukua wala kubadilika wakati wote wa mimba. Dawa za tezi zisiachwe kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Ile ya kuongeza homoni ya tezi haizuii kunyonyesha. Na kama uliwahi kutibiwa prolaktini iliyopanda, usirudi kwenye vidonge vile kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa vinakausha maziwa.

Halafu kuna kichwa chenyewe. Aliyepitia kupandikiza amezoeshwa namba: homoni ngapi, mayai mangapi, kiinitete cha siku ya ngapi. Titi halina mistari ya mililita. Mtoto akilia jioni nzima akitaka kunyonya kila baada ya dakika chache, mama aliyeambiwa kwa miaka kwamba mwili wake hauwezi, haraka atasema umeshindwa tena, na kopo linafunguliwa usiku huohuo. Mtoto kunyonya mfululizo jioni ni jambo la kawaida mno. Mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, tena bila ratiba. Kama ni lazima uhesabu kitu, hesabu nepi: kuanzia siku ya tano hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, kinyesi kikiwa kimegeuka cha njano. Uzito kushuka kidogo siku za mwanzo si ajabu, na kwa kawaida unarudi pale ulipokuwa ndani ya wiki mbili hivi. Mtoto anayelala tu bila kudai titi, ngozi inazidi kuwa ya manjano, na nepi ni kavu, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Kama unafanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongoni, omba mapema, kabla hujaingia chumba cha upasuaji, mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi pale hali ikiruhusu. Usingoje wakuulize. Mtoto njiti akipelekwa chumba chake, anza kukamua kwa mkono saa zilezile za mwanzo, walau mara 8 kwa siku na usiku ukiwemo. Itatoka dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, matone machache tu, unayakinga kwa kijiko au bomba la sindano, na utaona kama mchezo. Sio mchezo, ndiyo oda ya maziwa ya wiki ijayo. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya nne, na baada ya upasuaji yanaweza kuchelewa zaidi. Pampu ni nzuri, lakini kwa dang'a mkono mara nyingi unafanya kazi vizuri zaidi.

Na ikibidi mtoto aongezewe, aongezewe. Mimi sina subira na wanaomtia mama aibu kwa hilo. Endelea tu kukamua kila anapopewa ya chupa, maana titi lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza.

La mwisho ni la viinitete vilivyobaki kwenye barafu. Kliniki nyingi zitakutaka umwachishe mtoto kabla ya kurudisha kingine, kwa vile kunyonyesha hubana homoni wanazozihitaji. Wengine humwachisha mtoto wa miezi minne kwa haraka ya umri. Shirika hilohilo linashauri miezi 24 ipite kati ya kujifungua na mimba nyingine, na kovu la upasuaji nalo lina madai yake. Muulize daktari kwa umri wako hasa, anaona ungoje hadi lini, na kama mzunguko ukirejea ukiwa unanyonyesha atakubali kujaribu. Na uulize uzazi wa mpango, hata kama unajiona huhitaji. Kunyonyesha peke yake huzuia mimba pale tu mtoto hajafika miezi 6, anapewa maziwa yako matupu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja kati ya hayo likibadilika, kinga hiyo haipo tena.