Maswali na majibu: faili isiyotambulika na faili isiyosomeka

Maktaba yangu ya programu, inayotambua aina za faili kwa kusoma baiti zake, hutoa hitilafu ikikutana na faili tupu. Ni sawa?

Si sawa. Faili ya baiti 0 imefunguka na kusomeka, ila haina kitu. Jibu "tupu", au "haijulikani".

Majaribio yangu ya PNG, PDF na tar (faili nyingi zilizofungwa pamoja) yote yanapita, lakini programu bado inaanguka kwa watumiaji. Nimesahau nini?

Umejaribu faili nzima tu. Zikate! PNG huanza kwa baiti 8: 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Ipe maktaba baiti 1 ya hizo, kisha 2, mpaka 7. Isianguke hata mara moja, wala isiseme ni PNG. Halafu nenda kwenye tar, maana huko ndiko kasoro hujificha: neno "ustar", alama inayoitambulisha, halikai mwanzoni, linaanzia nafasi ya 257. Kwa ISO 9660, muundo wa faili za CD, alama "CD001" iko nafasi ya 32,769. Msimbo usiopima urefu kwanza, ukipewa faili ya baiti 100, utasoma nje ya mpaka. Jaribu pia mkondo (data inayofika kidogokidogo) unaotoa baiti mojamoja, kama mtandao unavyoweza kufanya. Jibu lazima libaki lilelile.

Kusoma kukishindikana, nirudishe "haijulikani"?

Hapana, tafadhali. "Haijulikani" maana yake nimesoma, sikuitambua. Diski ikigoma, hujaona chochote cha kutolea hukumu. Ukiyachanganya hayo mawili, anayekutegemea atatupa faili isiyo na kasoro kwa sababu ya hitilafu ya muda mfupi. Andika msomaji bandia, yaani msimbo wa majaribio unaojifanya kusoma faili, anayetoa baiti 4 kisha anagoma, uhakikishe hitilafu ileile inamfikia aliyeita maktaba, na sababu yake ya awali ikiwa haijafutwa. Kama ungekuwa na nafasi ya jaribio moja tu, ningekuomba uandike hili.

Jaribio la faili isiyo na ruhusa linapita kwangu, linafeli kwenye seva.

Yaelekea seva inaendesha majaribio kama mtumiaji mkuu (root), ambaye husoma hata faili yenye ruhusa 000, yaani isiyoruhusu yeyote. Mtumie yule msomaji bandia.

Faili ya docx (hati ya Word) iliyokatika katikati inatambuliwa kuwa ZIP. Nitoe hitilafu?

Usitoe. Docx ni ZIP (faili kadhaa zilizobanwa pamoja) kwa ndani, na orodha ya yaliyomo kwenye ZIP hukaa mwishoni, kwa hiyo imekatika pamoja na mkia. "ZIP" ni jibu la kweli kwa kilichobaki.