Nimeiacha kanuni ipite

Chini ya kitanda changu kuna akodiani. Niliinunua laki nne na nusu kwa mtu aliyekuwa akihama, akaniapia kwamba haina kasoro, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kuamini. Miezi mitatu ya mwanzo nilijiona mfalme. Ikaja masika, unyevu ukaingia ndani, na vibonye viwili vikawa vinalia vyenyewe hata usipovigusa. Kando yake ipo nay, filimbi ya tete, ambayo mpaka leo sijapata kuitoa kitu zaidi ya pumzi yangu mwenyewe. Ukutani, juu ya vyote hivyo, umetundikwa udi wangu wa nyuzi, chombo pekee ninachoweza kukaa nacho jukwaani bila kuona haya.

Ndiyo maana mwaka jana, niliposema kuna kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, inauzwa Mji Mkongwe, mke wangu hakuuliza bei. Aliuliza, "Baba Nasra, na hiyo nayo italala wapi?"

Wapenzi wa taarab mnaijua kanuni. Inalazwa mapajani, nyuzi zake 78 hivi zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji amevaa pete zenye risha, vile vipande vya kuchapia nyuzi, kwenye vidole viwili vya shahada. Hapa Unguja ina heshima yake ya zamani: husimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri, naye akarudi anaipiga kanuni. Mtu akiianza bashraf, ule muziki wa ala usio na mwimbaji, kwa kanuni, hata wanaopiga soga nyuma ya ukumbi hunyamaza. Nani hatatamani?

Nilitamani wiki tatu mfululizo. Nilikesha nikitazama video, huku udi ukipata vumbi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu hata akodiani ilianza hivyo hivyo.

Nikamwendea mwalimu wangu wa udi nikitaka baraka. Hakunipa. Aliniambia, "Hebu nipigie Rast." Rast ni moja ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Nikapiga. Nilipofika sauti ya tatu, ile ambayo si ya juu wala si ya chini, inakaa katikati, kidole changu kikatua pembeni kidogo kama kawaida yake. Akaguna. "Tena." Nikarudia, kikatua pembeni upande wa pili.

"Sasa umeelewa unataka kanuni ya nini?" akaniuliza.

Wallahi, niliona aibu. Udi hauna vigawanyo shingoni. Sauti unaitafuta kwa sikio na kidole, na ukikosea hata upana wa ukucha, kila mwenye sikio anajua. Kanuni ina vijiti vidogo vya chuma ubavuni, unainua kimoja sauti inapanda, unakilaza inashuka, na uzi unatulia pale pale ulipoutaka. Nilikuwa nimejitafutia chombo cha kunifichia kosa langu. Miaka yote sikulijua hilo. Nilidhani napenda tu sauti yake.

Nikajitetea, nikasema basi si afadhali, kanuni itanisaidia. Mwalimu akacheka. "Hivyo vijiti vitakwambia vyenyewe kipi kiinuliwe? Na nyuzi zote zile atazituni nani, mwanangu? Sikio hilo hilo lililoshindwa na udi?"

Kwa hiyo ushauri wangu kwako, unayetaka kununua fidla wakati gitaa limekukwama, au unayetamani kinanda kwa kuwa umechoka na ngoma ya dumbak: kabla hujatoa hela, litaje kwa jina lile linalokushinda kwenye chombo chako cha sasa. Usiseme "nimechoka". Sema "risha yangu inachelewa kurudi juu", au "siwezi kumfuata mwimbaji akibadilisha maqam". Kisha kikague kile chombo kipya: je, kinakuahidi kukusamehe jambo hilo hilo? Kwangu ilikuwa ndiyo, mara tatu. Hata nay niliinunua mwezi ule vidole vilipokuwa vinaniuma.

Lipo na jingine. Mwanzo una utamu wake. Wiki moja hujui kitu, wiki ya pili unapiga wimbo mtoto anautambua. Mwaka wa nane wa udi haukupi utamu huo, unakupa nusu ukucha kwa mwezi ukijaliwa. Mimi utamu ule naupata sasa kwa kujifunza samai mpya kwenye udi ule ule, kipande cha ala nisichokijua kabisa.

Sikatazi mtu kugusa vyombo vingine. Rika, lile tari dogo lenye njuga, naipiga, na imenifaa sana kwenye mahadhi. Ila niliazima, sikununua, na nilijua naifuatia nini.

Kanuni ile aliichukua kijana mmoja wa mitaa ya Ng'ambo, hapa hapa mjini. Aliniita nikamsaidie kuituni siku ya kwanza. Tulikaa sakafuni tangu baada ya Laasiri, ufunguo mkononi, tukienda uzi mmoja mmoja. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na ngozi na hewa yetu hii hawapatani, kwa hiyo tulipofika nyuzi za chini, zile za juu tulizoanza nazo zilikuwa zimeshashuka. Adhana ya Magharibi ikatukuta tumeanza upya. Nikamuaga, nikarudi nyumbani kwenye nyuzi 11 za udi wangu. Dakika tano zilitosha kuzituni, kisha nikaanza Rast.

Bado kidole kinatua pembeni, lakini sasa nakisikia kabla mwalimu hajaguna.